Mzee wa Elgon aliyesema ndoto zimekwisha

Ni nani asiyeota, mpenzi msikilizaji? Tajiri huota na maskini huota. Mfungwa huota yuko huru. Mhamiaji aliyelala ghorofa ya saba katika mji wa ugenini huota yuko kwao, amekaa barazani, anasikia mchi ukitwanga kinuni, mpaka saa imwamshe na kumrudisha kwenye baridi.

Hata hivyo, karibu miaka 100 iliyopita, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mzee mmoja alimwambia mgeni kutoka Ulaya kwamba katika nchi yake ndoto zilikuwa zimekwisha. Alisema hayo machozi yakimlengalenga. Mgeni aliyahifadhi maneno hayo, na baadaye yakachapishwa katika kitabu kilichosomwa duniani kote.

Makala haya yanauliza: mzee yule alikuwa na maana gani? Na jibu lake linatufunulia nini kuhusu ndoto, na kuhusu sisi tunaoota?

Mgeni kutoka Uswisi

Mgeni huyo alikuwa Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Uswisi mwaka 1875. Kwa miaka kadhaa alikuwa mshirika wa karibu wa Sigmund Freud wa Vienna, ambaye kitabu chake juu ya tafsiri ya ndoto kilitoka Novemba 1899, ingawa kilichapishwa kikiwa na tarehe ya mwaka 1900. Toleo la kwanza la kitabu hicho lilikuwa na nakala 600 tu, na ilichukua miaka 8 kuzimaliza. Lakini hoja yake ilienea: kwamba ndoto ni njia ambayo matamanio tuliyoyaficha, hata sisi wenyewe tusiyajue, hupita yakiwa yamevaa nguo za kuazima.

Jung alitengana na Freud mwaka 1913. Yeye aliamini kwamba ndoto haifichi tu, bali husema kwa lugha yake yenyewe, na kwamba zipo ndoto zinazotoka katika hazina moja ya binadamu wote. Ili kuithibitisha imani hiyo alitaka kusikia ndoto za watu ambao hawakupitia shule na miji ya Ulaya.

Hapa inafaa tuseme wazi jambo moja kabla ya kuendelea. Jung alikuwa mtu wa zama zake. Aliwahesabu Waafrika kuwa watu wa hali ya awali, kana kwamba bara zima lilikuwa utoto wa binadamu, na Ulaya ndiyo iliyokwisha kukua. Alikuja na swali zuri, lakini alilibeba katika mkoba wa dharau ya wakati wake.

Mwaka 1925 alitembelea maonyesho makubwa ya himaya ya Uingereza huko Wembley, London, akaamua kusafiri. Mwezi Oktoba alipanda meli nchini Uingereza pamoja na rafiki zake wawili, daktari Mwingereza Helton Godwin Baynes na Mmarekani kijana George Beckwith. Novemba wakashuka Mombasa. Kutoka hapo walichukua gari la moshi hadi Nairobi, wakaendelea magharibi, na hatimaye wakapanda kwa miguu, wakiwa na wapagazi, hadi Mlima Elgon, unaosimama kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

Watu aliowakuta huko aliwaita Waelgonyi. Ni jamaa za Wakalenjin, ambao leo tunawajua kwa jina la Wasabaot.

Shauri kwa Kiswahili

Kwetu sisi wa lugha hii lipo jambo la kuvutia katika masimulizi ya Jung. Mazungumzo yale yaliendeshwa kwa Kiswahili. Haikuwa lugha ya mama ya yeyote kati ya wenyeji wale, wala haikuwa ya mgeni, ambaye alijikongoja akiwa na kamusi ndogo mkononi. Vikao hivyo Jung aliviita kwa neno letu wenyewe: shauri. Alikaa juu ya kigoda, wazee wakamzunguka, na baada ya maamkizi shauri likafunguliwa.

Waliongea mengi. Walimweleza juu ya jua na mwezi, juu ya mizimu, juu ya desturi ya kutoka nje alfajiri na kuyaelekeza viganja vya mikono, baada ya kuvitemea mate, kwenye jua linalochomoza. Lakini alipouliza juu ya ndoto, mlango ulifungwa. Jung alijaribu kuwapa zawadi ndogondogo: sigara, viberiti, pini. Vitu hivyo walivitaka, lakini ndoto hawakuzitoa. Mwenyewe alikiri kwamba hakuweza kueleza sawasawa sababu ya kimya kile. Alidhani kilikuwa kimeletwa na woga na kutoaminiana.

Alichokikosa kwa wenyeji wa mlimani alikikuta kambini mwake. Watumishi wake waliotoka pwani, Wasomali na Waswahili, walikuwa wamebeba kitabu cha Kiarabu cha kuagua ndoto. Kila siku ya safari walikifungua. Walipotatizwa na tafsiri walimwendea Jung kumtaka ushauri, na kwa kuwa aliijua Kurani kiasi, walimwita mtu wa Kitabu.

Tutafakari picha hiyo. Daktari maarufu wa Ulaya amevuka bahari kutafuta elimu ya ndoto mlimani, na wakati huo huo mtu anayembebea mizigo ana maktaba ya ndoto ndani ya bahasha yake ya nguo. Jung aliiandika habari hiyo kwa mistari michache, akapita.

Elimu yenye nasaba ndefu

Kitabu kile hakikuanguka kutoka mbinguni. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, limehifadhiwa gombo la mafunjo lililotoka kijiji cha Deir el-Medina, Misri, la zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Limepangwa kwa orodha: mtu akijiona ndotoni anafanya jambo fulani, ni heri, akijiona anafanya jingine, ni shari. Neno la shari limeandikwa kwa wino mwekundu.

Katika karne ya 2, Mgiriki Artemidoro aliandika juu ya ndoto vitabu vitano. Katika karne ya 9, kazi yake ilitafsiriwa kwa Kiarabu, tafsiri inayonasibishwa na mtaalamu mkubwa wa Baghdad, Hunayn ibn Ishaq. Kufikia wakati huo Waislamu walikuwa tayari na mjuzi wao wa ndoto, Muhammad ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729. Vitabu vingi vinavyobeba jina lake vilikusanywa na watu wengine baada yake, lakini jina limebaki kuwa muhuri wa fani nzima, kutoka Morocco hadi visiwa vya Bahari ya Hindi.

Inasimuliwa kwamba watu wawili walimwendea Ibn Sirin na ndoto moja. Kila mmoja alijiona akiadhini. Mmoja alimwambia atakwenda kuhiji. Mwingine alimwambia atashikwa kwa wizi. Wanafunzi waliposhangaa, aliwajibu kwamba wa kwanza alimwona ana alama za mtu mwema, na wa pili hakumwona hivyo.

Kisa hicho, kiwe kilitokea au hakikutokea, kina somo ambalo Artemidoro naye alilifundisha: huwezi kuijua ndoto kabla ya kumjua mwotaji. Kazi yake, umri wake, hali yake ya fedha, anayempenda na anayemwogopa, vyote hivyo ni sehemu ya ndoto. Na kabla ya wote hao, kisa cha Nabii Yusuf, kilichomo katika Biblia na katika Kurani, kinatupa onyo. Kijana alipoota nyota na jua na mwezi vikimsujudia, habari hiyo ilimletea chuki ya nduguze, na katika Kurani baba yake anamkataza mapema asiwasimulie. Ndoto, kwa hiyo, ni amana. Huchaguliwa mtu wa kuipokea.

Jibu la mzee

Sasa turudi Elgon. Siku moja alikuja kwenye shauri mzee mganga, laibon kama Jung anavyomwita, amevaa joho la fahari lililoshonwa kwa ngozi za kima. Jung akamwuliza habari ya ndoto zake.

Mzee alijibu kwa huzuni. Zamani, alisema, waganga waliota, na kwa ndoto hizo walijua kama vita vinakuja au maradhi, kama mvua itanyesha, na ng'ombe wapelekwe malisho gani. Babu yake bado alikuwa akiota. Lakini tangu wazungu walipoingia nchini, hakuna aotaye tena. Hazina kazi, kwa sababu sasa Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliyaelewa maneno hayo kama maombolezo. Aliona kwamba mamlaka ya mganga yamehamia kwa mkuu wa wilaya, yule ambaye watu wa wakati ule walimwita Bwana Shauri. Zamani sauti ya kuwaongoza watu ilitoka usiku, kwa miungu. Sasa inatoka ofisini, asubuhi, kwenye karatasi yenye muhuri.

Tafsiri hiyo ina ukweli. Lakini je, ndiyo yote?

Sayansi ilisema nini

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza jambo ambalo halikuwa limethibitishwa kabla. Usiku, macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi nyuma ya kope, kwa vipindi vinavyorudiarudia. Majaribio ya mwanzo Aserinsky aliyafanya kwa mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka minane. Watu wazima walioamshwa katika vipindi hivyo, mara nyingi walikuwa na ndoto ya kusimulia. Wataalamu waliuita usingizi huo REM, na kwa mtu mzima huchukua takriban robo ya usiku wake wa kulala.

Basi kwa ushahidi huo, mzee wa Elgon alikuwa akiota. Aliota usiku wa kuamkia siku ile ile aliyosema haoti. Kama hakusema uongo, na hakuna sababu ya kumdhania uongo, alikuwa akizungumzia kitu kingine.

Sehemu ya ufumbuzi ameiandika Jung mwenyewe. Watu wa Elgon, anasema, walimfundisha kwamba ndoto ni za aina mbili. Ipo ndoto ndogo, ya mtu wa kawaida, inayomhusu yeye na mambo yake. Na ipo ndoto kubwa, ambayo huoteshwa mkuu au mganga kwa ajili ya watu wote. Ndoto kubwa haikuwa mali ya aliyeiota. Ilikuwa habari ya nchi nzima.

Alichosema mzee, basi, ni kwamba ndoto kubwa imekwisha. Na ndoto kubwa haimalizwi na kope za mtu mmoja. Humalizika pale ambapo hakuna tena baraza la kuisikiliza, wala watu wenye uhuru wa kuifuata. Ng'ombe watapelekwa wapi, kama malisho yamepimwa na kugawiwa walowezi? Itatangazwa vita gani, kama mikuki yote iko chini ya bunduki za serikali?

Lakini huenda pia kuna hofu ndani ya jibu lile, hofu ambayo Jung aliigusa bila kuifuatia. Mzee alikuwa na sababu za kuchagua maneno mbele ya mzungu mwenye daftari. Kusini mwa Elgon, kwa jamaa zao Wanandi, Koitalel arap Samoei, kiongozi aliyekuwa pia mwonaji wa watu wake, alipigwa risasi na kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905, alipokwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa kile alichoambiwa kuwa ni mazungumzo ya amani. Mwaka ule ule wa 1925 ambao Jung aliwasili, koloni la Kenya lilipitisha sheria ya uchawi, ambayo ilimtia hatarini yeyote aliyedai kuwa na uwezo wa ajabu unaoweza kuwatisha watu. Na mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuuhamisha kwa nguvu ukoo wa waonaji wa Kitalai kutoka nchi ya Wakipsigis, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

Katika nchi ya namna hiyo, mwonaji anayeulizwa na mgeni "je, unaota?" anaulizwa swali la hatari. Jibu la "hatuoti tena, ninyi ndio mjuao kila kitu" linaweza kuwa kilio. Linaweza pia kuwa komeo la mlango. Na linaweza kuwa yote mawili kwa pamoja, kama maneno ya wazee wetu yawavyo mara nyingi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Walioota kwa siri

Ili kuona kwamba hofu hiyo si ya mlima mmoja, tutazame Ulaya yenyewe, miaka michache tu baada ya safari ya Jung.

Mwaka 1933 Adolf Hitler alishika madaraka nchini Ujerumani. Mwandishi wa habari wa Berlin, Charlotte Beradt, mwenye asili ya Kiyahudi, alianza kuwauliza watu kwa siri wanaota nini. Alimwuliza mshonaji wake, jirani, muuza maziwa, rafiki. Ndoto alizoandika alizificha ndani ya majalada ya vitabu, na jina la Hitler akaliandika kwa fumbo, kama la mjomba wa nyumbani. Mwaka 1939 alikimbia, akaishia New York, na kitabu chake kikatoka mwaka 1966.

Ndani yake yupo daktari aliyeota amejinyoosha jioni kwenye kochi akisoma, ghafla kuta za chumba chake zikatoweka, na za majirani wote pia, huku kipaza sauti kikitangaza amri ya kufuta kuta. Yupo pia mtu aliyeota kwamba ni marufuku kuota, na bado akaota.

Mwerevu wa Berlin na mzee wa Elgon hawakujuana. Lakini wote wawili walifahamu kwamba utawala unaotaka kujua kila kitu haukomei mlangoni. Huingia hadi kitandani. Na watu wa Beradt walimsimulia kwa sababu alikuwa mwenzao, mwenye hofu ile ile. Hakuwapa pini wala sigara.

Ndoto ya Jung mwenyewe

Linabaki jambo moja, na huenda ndilo kubwa kuliko yote. Katika safari nzima ya Afrika, Jung anasema, ndoto zake zilikuwa za Ulaya, za nyumbani. Aliwaona watu weusi kila siku, akala nao, akatembea nao, lakini usiku hawakumjia. Mara moja tu aliota mtu mweusi. Naye hakuwa Mwafrika. Alikuwa kinyozi wa Chattanooga, Tennessee, aliyewahi kumhudumia huko Marekani zaidi ya miaka 10 nyuma. Ndotoni kinyozi ameshika chuma cha moto, anakielekeza kichwani pa Jung ili nywele zake zisokoteke ziwe kama za Mwafrika. Jung akaamka kwa hofu.

Yeye aliichukua ndoto hiyo kama onyo kwamba yuko hatarini kumezwa na Afrika. Msomaji wa leo ataona na zaidi. Mtu amesafiri maelfu ya maili kuwajua Waafrika, na akili yake inapomtafuta mtu mweusi, inamwendea mtumishi aliyemwona dukani Marekani. Wenyeji wake hawakuwa wameingia moyoni mwake. Na kitu alichokiogopa kuliko simba na homa kilikuwa kufanana nao.

Kwa haki yake, Jung hakuificha ndoto hiyo. Aliisimulia uzeeni, katika kumbukumbu zake zilizoandikwa kwa msaada wa Aniela Jaffé na kutolewa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo alikiri kwamba safari aliyodhani ni ya kuwachunguza wengine iligeuka kuwa ya kumchunguza yeye. Alikuja kutafuta ndoto za Elgon, akarudi na ya kwake.

Ambazo hazikuandikwa

Hivyo ndivyo ndoto inavyotufunua. Haitufunulii kesho, au kama inafunua, hilo tuwaachie wenye elimu hiyo. Inatufunulia jana na leo: tunamwogopa nani, nani ameruhusiwa kuingia moyoni na nani amebaki kizingitini. Na namna tunavyoisimulia, au tunavyokataa kuisimulia, hufunua tunaishi chini ya mamlaka gani.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi yake huko Tanga. Asubuhi aliuliza, "Umeota nini?" Ndoto njema aliisikiliza hadi mwisho. Mbaya alikukatiza, akakwambia uteme mate kushoto mara tatu na usiitaje tena. Kwa miaka mingi nimeishi Ulaya, nikiwahoji watu kwa kazi, na sikuwahi kumwuliza yeye alikuwa akiota nini. Alituuliza sisi kila siku. Hakuna aliyemrudishia swali.

Ndoto ya kinyozi wa Chattanooga inasomwa leo kwa lugha nyingi. Ndoto za watumishi wa pwani waliofungua kitabu chao kila siku hazimo humo. Za mzee mwenye joho la ngozi za kima hazimo popote. Alikwenda zake jioni ile, akalala, na kwa yote tunayoyajua sasa juu ya usingizi wa binadamu, akaota. Alichokiona alibaki nacho.

Msikilizaji uliye mbali na kwenu, ukipiga simu wiki hii, baada ya kuulizana hali na kuzungumza habari ya fedha na maradhi, mwulize mzee wako ameota nini. Akikujibu kwamba haoti siku hizi, usiharakishe kukata simu.